Hewa Inapovuja: Kwa Nini Mzamiaji Hurudi Juu, na Namna ya Kuitafuta Kasoro ya Regulata

Mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Uhusiano wa Polisi mbele ya viongozi wa mialo, wenye maboti, wavuvi na wazamiaji wa kujitolea wa mwambao wa Ziwa Viktoria, Uganda



Nimeombwa nizungumzie uhusiano wa polisi na raia wakati wa kuwatafuta watu waliozama. Ningeweza kuimaliza saa yangu yote kwa maneno ya ushirikiano na uvumilivu, nanyi kwa adabu yenu mngenipigia makofi, kisha siku ya msiba tungegombana ufukoni kama kawaida yetu. Nimeona heri nizungumzie chombo kimoja tu, kinachoenea katika viganja viwili vya mkono, ambacho ndicho chanzo cha ugomvi wetu mwingi bila ya wengi wetu kukijua kwa jina. Chombo hicho huitwa regulata. Yule mama aliyefunga jiko la gesi nyumbani kwake anayo ndugu yake juu ya mtungi wa gesi.

Lawama yenyewe naijua, maana imenifikia katika mialo zaidi ya mmoja: "Polisi wanaogopa maji. Mzamiaji wao ameingia dakika nne, ametoka, na sasa wamekaa chini wanachezea mipira." Nakumbuka mzee mmoja ambaye kijana wake alikuwa amezama usiku uliotangulia. Wazamiaji wetu walikuwa wamerudi juu, wameomba beseni la maji na sabuni kwa mama mmoja wa mgahawa, wameinama juu yake. Mzee akanijia, akaniambia kwa sauti ya chini, bila hasira: "Afande, mwanangu yuko pale, nanyi mnaosha vyombo." Sikuwa na neno la kumjibu ambalo lingemfaa kwa wakati ule. Kasoro ilikuwa pete ndogo ya mpira. Ilibadilishwa, wazamiaji wakarudi majini, na kijana akapatikana kabla ya jua kutua. Lakini jibu la swali la yule mzee ni refu kuliko nafasi iliyopo kati ya mtu na maiti ya mwanawe. Ndiyo maana nalileta leo, siku ambayo hatuna msiba.

Tuanze na hewa yenyewe. Mtungi wa kawaida wa mzamiaji una ujazo wa lita 12, nao hujazwa hadi mgandamizo wa bar 200. Zidisha: ni lita 2,400 za hewa. Mtu anayefanya kazi hupumua kiasi cha lita 20 hadi 25 kwa dakika akiwa juu ya maji. Lakini chini ya maji kila pumzi hubeba hewa nyingi zaidi, kwa kuwa maji yanamgandamiza. Katika kina cha mita 20 za ziwa letu, matumizi hayo hukaribia mara tatu. Mtungi huohuo, ukiacha bar 50 za akiba ambazo hakuna mzamiaji mwenye akili anayezigusa kwa makusudi, unampa muda wa dakika 25 hivi. Katika dakika hizo ashuke, apapase tope ambamo mkono wake mwenyewe hauoni, na apande polepole, mita 9 kwa dakika, asije akaumizwa na mapovu ya naitrojeni katika damu. Sasa toboa mtungi huo. Uvujaji unaosikika juu ya maji kama mluzi mdogo humla dakika zake bila ya yeye kujua ni ngapi. Na regulata inayomwaga hewa kwa nguvu zote huumaliza mtungi mzima katika dakika chache mno.

Kwa hiyo mzamiaji anayeona mapovu mahali pasipostahili, akarudi juu, hakuogopa maji. Amepiga hesabu.

Nasema haya nikijua kwamba hapa mbele yangu wamekaa vijana ambao si askari, nao huzamia. Familia huwaita kwa sababu wako karibu na kwa sababu hawasubiri barua ya mtu. Sitawakemea, wengine wenu mmewarudishia watu wapendwa wao kabla gari letu halijafika. Ninachokijua pia ni kwamba vifaa vyenu vingi vimenunuliwa vikiwa vimetumika, havina kitabu, na hakuna ajuaye vilifunguliwa na fundi mwaka gani. Basi mazungumzo haya yaliyobaki ni yenu, na maafande wa majini waliopo watanisahihisha nikiteleza.

Regulata ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ile ya chuma inayofungwa kwenye mtungi. Wataalamu huiita hatua ya kwanza. Kazi yake ni kuishusha hewa kutoka bar 200 hadi takriban bar 9 au 10 zaidi ya mgandamizo wa maji yanayomzunguka mzamiaji. Kutoka hapo hewa hupita katika bomba la mpira hadi sehemu ya pili, ile inayowekwa mdomoni, nayo ndiyo hatua ya pili. Ndani yake mna kiwambo cha mpira laini. Unapovuta pumzi kiwambo huingia ndani, kinakandamiza kijiti, kijiti kinafungua vali, nawe unapata hewa sawasawa na kina ulichopo. Ukiacha kuvuta, springi inaifunga vali. Kiwambo hichohicho ndicho unachokisukuma kwa kidole ukibonyeza kitufe cha mbele.

Ni ajabu ya kufurahisha kwamba chombo hiki kilizaliwa kikivuja. Mwaka 1943, wakati wa vita, mhandisi Mfaransa Émile Gagnan alikuwa na vali ya kurekebisha gesi ya kuendeshea magari, kwa kuwa petroli ilikuwa haba. Yeye na afisa wa jeshi la majini Jacques-Yves Cousteau waliigeuza iwe ya kuzamia, wakaijaribu katika mto Marne. Cousteau akisimama wima majini, hewa ilimwagika ovyo. Akiinamisha kichwa chini, ilikuwa ngumu kuvuta. Walitafakari wakagundua kwamba tundu la kutolea pumzi lilikuwa juu kuliko mahali hewa inapoingilia, hivyo maji yaliligandamiza kidogo kuliko kule kwingine. Wakayaweka mawili hayo pamoja, tatizo likaisha. Hawakukaza parafujo wala hawakupiga nyundo. Waliuliza kwanza hewa inatoka wapi na kwa sababu gani.

Nanyi mfanye hivyo. Kabla hujaifunga regulata kwenye mtungi, itazame. Kwenye mlango wa hewa wa hatua ya kwanza mna chujio dogo la chuma. Likiwa jeupe na safi, vyema. Likiwa na rangi ya kutu, mtungi uliotumika ulikuwa na kutu ndani yake. Likiwa la kijani, maji yameingia yakala metali. Likiwa jeusi, chujio la kompresa iliyojaza hewa yenu limechoka, na hapo uvujaji ndiyo shida yenu ndogo kuliko zote. Niseme hapa, japo ni kando ya mada: kompresa inayovuta hewa karibu na moshi wa injini yake yenyewe inawajazieni kaboni monoksaidi mitungini, na hiyo haina harufu wala haitoi mapovu.

Kisha, ukiwa umefunika ule mlango kwa kifuniko chake, weka regulata mdomoni uvute pumzi. Usipate kitu. Ukipata hewa, hata kidogo, kuna tundu: aidha mpira wa mdomoni umetafunwa ukapasuka karibu na kamba ya plastiki inayoubana, au kiwambo kimetoboka, au ile vali nyembamba ya mpira ya kutolea pumzi imekunjika ama imenaswa na uchafu. Hapa kwetu uchafu huo aghalabu ni mchanga, au uzi wa wavu, au unywele wa mizizi ya magugu maji. Regulata ya namna hii haimwagi hewa nje. Yenyewe huingiza maji ndani. Mzamiaji hupata pumzi yenye unyevu, akakohoa, akashtuka. Jaribio hili halihitaji mtungi wala senti moja, nami ningependa kila kijana hapa alifanye mbele ya mwenzake kila mara, kama boda boda anavyokagua breki zake kabla ya kupakia abiria. Najua si wote wanaokagua.

Sasa ufunge kwenye mtungi. Geuza uso wa geji mbali nawe na watu wengine, fungua vali polepole, na nyamaza. Sikiliza. Watu wengi hufungua mtungi huku wakizungumza na umati, na umati wa mwaloni una sauti. Mkuu wa msako akiwaomba watu wanyamaze kwa dakika moja, tafadhalini nyamazeni. Si kiburi cha polisi.

Ukisikia mluzi pale regulata inapokutana na mtungi, kasoro aghalabu ni oringi, yaani ile pete ya mpira. Kwenye regulata inayobanwa kwa mkono wa chuma kuzunguka vali, oringi hukaa kwenye vali ya mtungi. Kwenye ile inayoingizwa kwa nyuzi kama parafujo, hukaa kwenye regulata yenyewe. Usikaze zaidi. Funga mtungi, bonyeza kitufe mpaka hewa yote iliyobaki itoke, ndipo ufungue. Kukaza au kulegeza chochote hewa ikiwa ndani ni kujitafutia kipande cha chuma usoni. Itoe oringi, iangalie kama imekatika, imepindana au imekauka. Safisha kikalio chake kwa kitambaa. Weka mpya ya kipimo kilekile na ugumu uleule. Nimeambiwa kuna wanaotumia oringi za bomba la maji na za pikipiki kwa kuwa zinafanana kwa macho. Mpira wa kazi ya bar 200 ni mgumu zaidi kuliko ule, na ule laini husukumwa nje ya nafasi yake, mara nyingi si pale ufukoni bali baadaye, mtungi unapogongwa ubavuni mwa boti.

Ikiwa umefunga vizuri na mluzi hausikiki, bado hujamaliza. Tumbukiza regulata yote katika beseni. Ndiyo, lile beseni la yule mama wa mgahawa. Hapa kuna hila ya mapovu: hutembea. Povu hutoka kwenye ungio la chini, likapanda kulifuata bomba, likajitokeza mahali pengine kabisa. Fuata mapovu hadi pa chini kabisa yanapoanzia. Ukiwa na shaka, kausha kwa kitambaa, paka maji ya sabuni kwa brashi, ungoje.

Mapovu madogo kama shanga kwenye ungio la geji, lile linalozunguka, hutokana na kipini chembamba ndani yake chenye oringi mbili ndogo mno. Ni kasoro rahisi, na bomba la geji huonekana la kutisha kwa kuwa hubeba mgandamizo wote wa mtungi. Lakini tundu linalolilisha ni dogo kama la sindano, hivyo hata likipasuka hewa hutoka kwa kiasi. Bomba la kuogopwa ni lile la mgandamizo mdogo linaloelekea mdomoni au kwenye jaketi la kuelea. Tundu lake ni pana, nalo likipasuka humwaga mtungi upesi sana. Kwa hiyo ukiona mpira umepasukapasuka pale unapoingia kwenye chuma, au mapovu yanachuruzika kupitia ngozi ya bomba kwa urefu wake, usifunge kwa utepe. Bomba hilo limekufa. Na ikiwa mapovu yanatoka kwenye mwili wa hatua ya kwanza yenyewe, kwenye matundu au chini ya kofia yake, maana yake ni oringi ya pistoni au kiwambo cha ndani. Hapo kazi yako imekwisha, mpelekee fundi.

Nimekuja kwenye kasoro iliyo maarufu kuliko zote, nayo ndiyo inayowachanganya hata walio wazoefu: hewa inayovuja mdomoni mwa regulata bila ya mtu kuvuta. Kuna mvujo usio kasoro. Ukiiingiza regulata majini mdomo ukiwa umetazama juu, maji hugandamiza kiwambo na hewa humwagika kwa kishindo. Igeuze mdomo uangalie chini, itatulia. Nyingine zina kijiti kidogo cha kuchagua. Kiweke upande wa kabla ya kuzamia mpaka uwe tayari kushuka. Watu wameitupa regulata nzima kwa kutokujua hilo.

Lakini ikiwa imekaa kavu juu ya meza na inalia "sss" mdomoni, ujue kuna jambo. Na hapa wapelelezi wetu wangefurahi, kwa sababu anayepiga kelele si lazima awe mwizi. Vali ya hatua ya pili imeundwa ifunguke kuelekea upande hewa inakokwenda. Faida yake ni kubwa: kitu kikiharibika, hufunguka, haifungi, mzamiaji hupewa hewa nyingi kupita kiasi badala ya kunyimwa. Matokeo yake ni kwamba hatua ya kwanza ikishindwa kuzuia, ikaachia mgandamizo upande polepole kutoka bar 10 hadi 12, 13 na kuendelea, hatua ya pili ndiyo inayofunguka kuupunguza. Mdomo unalia, lakini mgonjwa ni yule wa mtungini.

Fundi huwatenganisha kwa geji ndogo inayochomekwa kwenye bomba la jaketi. Hufungua mtungi, hubonyeza kitufe mara kadhaa, kisha hutazama. Sindano ikishuka kidogo, ikarudi, ikasimama tuli, hatua ya kwanza haina hatia. Kasoro iko mdomoni: kikalio cha vali kimechimbika, springi imelegezwa mno, au kijiti kimekaa juu kupita kiasi. Sindano ikiendelea kutambaa juu, kikalio cha hatua ya kwanza kimechakaa au kimeingiwa na chembe ya uchafu. Asiye na geji anaweza kupata dalili kwa sikio. Bonyeza kitufe kwa nguvu, achia. Mvujo ukinyamaza sekunde kadhaa kisha ukarudi pole pole, mshuku yule wa kwanza. Usiponyamaza hata kidogo, mshuku yule wa pili. Hiyo ni dalili tu, hata mahakamani dalili pekee haimfungi mtu, lakini inamsaidia fundi kujua aanzie wapi.

Sasa nasema na wale wanaoujua mchezo wa kukaza kirungu cha pembeni mpaka mluzi unyamaze. Naam, utanyamaza. Umeikaza springi ya hatua ya pili ili ishindane na mgandamizo ambao haukupaswa kuwepo. Regulata sasa ni ngumu kuvuta. Chini ya maji, ukifanya kazi nzito ya kumfungua mtu aliyenaswa katika wavu wa sangara, utavuta kwa taabu, kaboni dayoksaidi itajaa mwilini, kichwa kitauma, na hofu itakuja bila ya kubisha hodi. Wakati huohuo kasoro ya hatua ya kwanza inaendelea kukua. Mimi binafsi naona kirungu hicho kimedhuru zaidi ya kilivyosaidia mikononi mwa watu wasiofundishwa. Hata nyumbani, ukihifadhi regulata, kilegeze, ili springi isichimbe kikalio kwa miezi ambayo haitumiki.

Mtaniuliza ni lipi mfanye wenyewe na lipi mwache. Oringi ya kwenye mtungi, mpira wa mdomoni, kamba yake, na kubadilisha bomba lililochoka kwa spana inayofaa: hayo kijana makini hujifunza. Kufungua hatua ya kwanza au kurekebisha vali ya pili si kazi ya mwaloni. Vipuri vyake huja kwa seti ya mtengenezaji husika, na baada ya kufunga lazima mgandamizo upimwe. Watengenezaji wengi hutaka regulata ikaguliwe kila mwaka, na wengine hutaja idadi ya kuzamia; fuata kitabu chake, na kama haina kitabu, ichukulie kuwa muda wake umeshapita. Na kwa jina la Mungu, msipake mafuta ya injini wala grisi ya gari. Oringi hutaka grisi kidogo ya silikoni, kidogo mno, na yule anayetumia hewa iliyoongezwa oksijeni anahitaji grisi ya namna yake, kwa maana mafuta ya kawaida na oksijeni yenye mgandamizo huwaka moto.

Ikitokea hewa inamwagika ukiwa tayari chini, usiiteme regulata kwa hofu wala usiibane kwa midomo. Iache midomo ilegee, hewa ya ziada itoke pembeni, nawe unywe ile unayoihitaji kama mtu anywaye kwenye bomba lililo wazi. Mpe mwenzako ishara, shika regulata yake ya akiba ikibidi, mpande pamoja. Pumua muda wote. Anayeshikilia pumzi huku akipanda hupasua mapafu yake, hata katika mita chache za mwisho, na hili limewaua watu waliokuwa bado na hewa. Kumbukeni pia kwamba ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Majedwali ya kuzamia yaliyoandikwa kwa ajili ya bahari hayawatoshi bila ya kurekebishwa. Anayepanda haraka hapa huadhibiwa mapema kuliko wa Mombasa.

Nalo neno kwa ninyi mnaoshika kamba juu. Mkiona mapovu yamefura ghafla, msimvute mwenzenu kama samaki. Fuateni ishara mlizokubaliana kabla hajaingia. Kama hamkukubaliana ishara, hakupaswa kuingia.

Baadhi yenu mtakumbuka MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, upande wa ndugu zetu wa Tanzania. Meli ilipinduka, ikabaki ikielea tumbo juu, na ndani yake walisikika watu hai. Sehemu ya chini ilitobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa imenaswa ndani ikatoka, meli ikazama. Mwaka 2018 MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, fundi mmoja wa meli alitolewa hai na wazamiaji siku mbili baada ya ajali, kwa kuwa alikuwa amepata pahali penye hewa. Na mwezi Novemba mwaka huohuo, hapa kwetu, MV Templar ilizama upande wa Mukono na watu zaidi ya 30 wakafa. Naitaja misiba hii kwa sababu huleta mgongano mgumu kuliko wa mwili uliokwisha poteza roho. Huko ndani huenda mtu yu hai. Umati unajua, mzamiaji anajua. Shinikizo la kumtaka aingie na kifaa kinachovuja huwa kubwa mno, na siwezi kuwaambia kwamba kila mara jibu ni jepesi. Nawaambia tu kwamba kikosi kinachokwenda na regulata mbili zilizokaguliwa asubuhi hiyo, zikiwa kavu katika sanduku lake, hakilazimiki kuchagua.

Kwa hiyo tumekubaliana na Mwenyekiti hivi. Ajali ikitokea, pigeni 999 au 112 kwanza, kisha ndipo mwite kijana wa kuzamia. Kijana huyo asiingie peke yake, na akifika afande wa majini, waonyeshane vifaa bila ya kuoneana haya. Familia ipewe mtu mmoja wa kuwaeleza kinachoendelea, nami nimejitolea kuwa mtu huyo kila nitakapokuwapo, ili mzee asije tena kuuliza kwa nini tunaosha vyombo. Mzamiaji akirudi juu, mtu huyo ataeleza sababu papo hapo, kwa lugha inayoeleweka. Wala familia isichangishwe fedha ufukoni kwa ajili ya msako wa polisi. Anayechangisha kwa jina letu, nileteeni jina lake.

Jambo dogo la mwisho ni kuhusu kuosha. Maji yetu hayana chumvi, na kwa hiyo wengi hudhani regulata haihitaji kuoshwa. Tope la Nalubaale ni laini kama unga, nalo hukauka ndani ya vali likawa kama saruji. Osheni kwa maji safi siku hiyohiyo. Kausheni kifuniko cha vumbi na kukifunga kabla ya kuosha, na msibonyeze kile kitufe cha mbele wakati iko majini bila ya kufungwa kwenye mtungi. Mkibonyeza, vali hufunguka na maji machafu husafiri ndani ya bomba mpaka hatua ya kwanza. Anikeni kivulini, mabomba yasikunjwe.

Mama ametuazima beseni lake tena, nami namshukuru. Maafande wameleta regulata tatu, na mbili kati yake zina kasoro ambazo sitawatajia. Naomba vijana wawili wajitokeze mbele, na wengine wote tunyamaze afande anapofungua mtungi.